IBNUL-HAITHAM NA TUNDU LA NURU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baad. Ndugu msomaji, hapa Nyamisati mwanafunzi wangu alinieleza ya kuwa ameona jahazi ukutani mwa chumba chetu cha giza, tanga chini, mkuku juu. Nikamkaripia, nikamwita mwongo. Somo hili ni jawabu lake, na toba yangu.

Jua ya kuwa elimu ya nuru na sura ilichunguzwa zamani na mwanachuoni Al-Hasan bin Al-Haitham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 wa Miladi. Wanahistoria wasimulia ya kuwa alidai aweza kuyatawala maji ya Nili. Khalifa Al-Hakim akamwita Misri. Alipouona mto kwa macho yake, kusini ya Aswan, alitambua ya kuwa haiwezekani, akarudi akakiri. Sisi tukaao midomoni mwa Rufiji hatumcheki, kwani twajua mafuriko ni nini. Kisha, kwa kuiogopa hasira ya mtawala, akajifanya mwenye wazimu, akazuiliwa nyumbani hata Al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Baadaye alikaa jirani na Al-Azhar, akila kwa ujira wa kunakili vitabu. Alifariki yapata mwaka 430 (1040).

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manadhir, kina juzuu 7. Euclid na Ptolemy walisema jicho hutoa miali ikaendea kitu. Yeye akasema la, nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Ndiyo maana atazamaye jua huumia.

Wala hakutosheka na maneno. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu lielekealo mahali pa giza, zikaonekana ukutani nuru kwa hesabu ya taa. Akifunika taa moja, nuru yake peke yake hutoweka, akiifunua, hurudi. Basi nuru hupita tunduni bila kuchanganyika, nayo huenda moja kwa moja. Kwa hiyo itokayo juu ya tanga huangukia chini ukutani, na itokayo chini hupanda juu. Kamera nayo yafuata kanuni hiyo hiyo.

Naye alikosea pia, kwani alidhani kuona hufanyika katika lenzi ya jicho. Kitabu chake kilikwisha geuzwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Na mwaka 1604 Kepler akabainisha ya kuwa sura huangukia utando wa nyuma ya jicho. Kusahihishwa huko hakukumpunguzia heshima, maana yeye mwenyewe alifundisha ya kuwa maneno ya wakubwa yapimwe.

Nami niliingia chumba kile adhuhuri, nikafunga mlango, nikaliona jahazi. Nikamwita kijana mbele ya wenziwe, nikamwomba radhi. Ewe mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuambia ameona, inuka ukatazame kabla hujashika fimbo.

Wallahu aalam.