Saratani ya Figo Ikifika Mifupani

Mama anaamka usiku wa manane, anashika paja, anasema mfupa unamuuma kwa ndani. Watoto wanapasha mafuta ya nazi wamchue, kama yeye alivyowachua walipokuwa wadogo. Kwa mgonjwa wa saratani ya figo, tafadhali acheni kuchua. Saratani hii hula mfupa, na mfupa ulioliwa huweza kuvunjika kwa kukandamizwa, hata kwa kugeuka tu kitandani. Mpelekeni apigwe picha.

Saratani hii hupenda kushika uti wa mgongo, nyonga, mbavu na mapaja. Ikifika huko bado ni saratani ya figo, na dawa zake ni zilezile za saratani ya figo: vidonge vinavyozuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe, kama sunitinibu na pazopanibu, au dripu za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumabu. Ile kemotherapi mliyozoea kuisikia husaidia kidogo sana hapa, kwa hiyo asipopewa msidhani amenyimwa. Mara nyingi ugonjwa uliofika mifupani hauponi kabisa, ila wapo wanaoishi nao miaka. Dawa hizi ni ghali mno. Kabla ya kuuza shamba, ulizeni bima na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Mfupa wenyewe nao hutibiwa. Mionzi hutuliza maumivu, na mara nyingi dozi moja inatosha. Nafuu huja taratibu, kwa wiki chache, na siku za kwanza maumivu yanaweza kuzidi; msikate tamaa. Paja linaloelekea kuvunjika hutiwa chuma mapema. Uvimbe huu una damu nyingi, ndiyo maana wapasuaji huweza kuanza kwa kuziba mishipa yake. Ipo pia dawa ya kuimarisha mifupa, asidi ya zoledroniki. Kabla ya kuipata, figo zipimwe na meno yakaguliwe, kwani jino liking'olewa baadaye taya linaweza kubaki na kidonda kisichopona.

Dawa za maumivu za dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kuumiza figo, na aliyebakiwa na figo moja yuko hatarini zaidi. Kwa maumivu makali ombeni mofini. Najua inavyoogopwa, wengi huiita dawa ya kufia. Uganda, tangu shirika la Hospice Africa lilipoanza mwaka 1993, mofini ya maji hunywewa nyumbani, na wagonjwa huweza tena kulala na kula na watu wao. Mpeni kwa saa alizoandikiwa, hata kama wakati huo hajalia. Huleta choo kigumu, basi ombeni dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa. Akisinzia kupita kiasi, rudini kwa daktari.

Kiu isiyoisha, kukojoa sana na kuchanganyikiwa huweza kuwa kalsiamu iliyomwagika kwenye damu. Apimwe haraka.

Miguu ikilegea, ganzi ikishika katikati ya mapaja au mkojo ukigoma kutoka, uti wa mgongo unabanwa. Msimsimamishe ajaribu kutembea. Mlazeni chali, mbebeni juu ya ubao au godoro gumu, mfike hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili usiku. Miguu iliyopooza siku kadhaa bila tiba huenda isirudi.