KURA YA MARANI NA KITI CHA RAIS

Kiti cha rais ni kimoja, bali nchi ina pande nyingi, na kila upande humpendelea mtu wake. Ndiyo maana yafaa sheria iuzuie upande mmoja usitawale daima.

Marekani iliyaona hayo mapema. Tangu mwaka 1789 hata 1825 marais walikuwa watano, na wanne kati yao, Washington, Jefferson, Madison na Monroe, walitoka Virginia. John Adams peke yake alitoka Massachusetts. Sababu moja ilikuwa hesabu ya watu. Watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu, na hivyo majimbo ya kusini yakapata wajumbe zaidi wa kumchagua rais, hali watumwa wenyewe hawakupiga kura.

Kenya nayo ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na majimbo 7, kama walivyotaka watu wa KADU, waliohofia kumezwa na KANU. Mwaka 1964 KADU ilivunjwa, na nguvu za majimbo zikaondolewa, hofu haikuondoka.

Katiba ya mwaka 2010 yaijibu hofu hiyo. Rais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, tena robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Basi kura ya mtu wa Marani huingia katika hesabu mbili: ya nchi nzima, na ya kaunti ya Kisii. Mgombea wa mbali ana sababu ya kuipanda milima ya Gusii kuitafuta robo hiyo, kwa kuwa wingi wa watu wa kwao pekee haumpatii kiti.