Kufundisha Vipokezi vya Neurotrofini: Tuanze na Swali, Si na Majina

Walimu wengi wa Biolojia husema kwamba somo la vipokezi vya seli za neva ni gumu kwa wanachuo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ugumu huo tunauleta sisi wenyewe. Nilipolifundisha mara ya kwanza niliujaza ubao majina, na wanachuo wakayanakili yote. Katika jaribio, wengi waliandika kwamba neurotrofini ni chakula cha neva. Kosa lilikuwa langu: jina hilo lina asili ya neno la Kigiriki lenye maana ya lishe, nami sikuwatahadharisha. Makala haya yanaeleza utaratibu nilioufuata baadaye.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanachuo aweze kueleza kwa nini seli ya neva huishi au hufa, na kwa nini neurotrofini peke yake haitoshi pasipo kipokezi kizima.

Hatua ya kwanza: Swali

Mwalimu aanze na kisa. Kuna ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana, unaomfanya mtoto azaliwe bila uwezo wa kuhisi maumivu wala kutoa jasho. Mtoto huyo huweza kuuma ulimi wake hadi ukachanika, au kuvunjika mfupa asitambue. Tena wakati wa joto hupatwa na homa kali. Hata hivyo, akiguswa huhisi. Wanachuo waulizwe: ni kitu gani kimekosekana? Baadhi yao watataja ukoma. Waelezwe kwamba katika ukoma bakteria huharibu neva zilizokuwa nzima, ilhali mtoto huyu alizaliwa hivyo. Majibu mengine yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Hatua ya pili: Maelezo

Kiumbe kinapokua tumboni, seli nyingi za neva hutengenezwa kuliko zinazohitajika, na katika sehemu nyingi karibu nusu yake hufa. Zinazobaki ni zile zilizopata ujumbe kutoka kwenye viungo zinavyovihudumia. Rita Levi-Montalcini, aliyefanya utafiti wa viinitete vya kuku, aliigundua neurotrofini ya kwanza, NGF, katika miaka ya 1950. Yeye na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Binadamu ana neurotrofini nne. NGF hupokewa na kipokezi TrkA. BDNF na NT-4 hupokewa na TrkB. NT-3 hupokewa hasa na TrkC. Kipokezi cha nne, p75, huzipokea zote.

Hatua ya tatu: Igizo

Zana ni chaki tu. Wanachuo wawili wasimame mbalimbali mbele ya darasa, kila mmoja na chaki yake. Hao ni molekuli mbili za TrkA katika utando wa seli. Wa tatu, ambaye ni NGF, awashike mikono na kuwakutanisha. Wakishakutana, kila mmoja atie alama ya chaki kwenye mkono wa mwenzake. Alama hizo ni fosfeti zinazotiwa kwenye tairosini za kipokezi. Wanachuo wengine, waliopanga mstari, waione alama na kupokezana ujumbe hadi kwenye kiini: "Ishi!"

Hapo mwalimu asisitize kwamba NGF haikuliwa, imebisha hodi. Kweli, baadaye NGF pamoja na kipokezi chake huweza kuvutwa ndani ya kifuko kidogo na kusafirishwa hadi kwenye mwili wa seli, safari ambayo kwa neva ya kidole cha mguu hukaribia mita moja. Lakini hata humo inabeba ujumbe, si lishe.

Hatua ya nne: Kurudi kwenye swali

Igizo lirudiwe, safari hii wale wawili wakiwa hawana chaki. NGF inafika, inawakutanisha, lakini alama haipatikani na mstari unabaki kimya. Darasa lenyewe litajibu swali la kwanza. Ndivyo ilivyobainika mwaka 1996: watoto wale wana kasoro katika jeni NTRK1, inayotoa maelekezo ya kutengeneza TrkA. Neva za maumivu na zile zinazoendesha tezi za jasho hufa mapema kwa kukosa ujumbe. Neva nyingi za mguso husalimika kwa kuwa hutegemea vipokezi vingine.

Tahadhari

Mwanachuo asiondoke akidhani kwamba kila kipokezi huleta uhai. Kipokezi p75 huweza kumsaidia Trk. Lakini kikishikwa na neurotrofini ambayo bado haijakatwa kufikia umbo lake kamili, huweza kuamuru seli ife. Kwa hiyo ujumbe hutegemea anayeupokea.

Jambo hilo latuhusu na sisi walimu. Nilipoyamwaga majina ubaoni, maarifa yalikuwapo darasani. Kilichokosekana ni mahali pa kuyapokea. Swali la mtoto asiyehisi maumivu ndilo lililoandaa mahali hapo.