Mkate Chini ya Mretemu
Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Somo hili ni la vijana wetu wa Kidato cha Nne, lakini wazazi nao wasome, maana sehemu kubwa ni yao.

Katika sura ya 18 Eliya yuko Karmeli, amewashinda manabii 450 wa Baali. Sura ya 19 utadhani ni mtu mwingine. Amekimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake. Ameketi chini ya mretemu anaomba afe.

Angalia Mungu alivyomjibu. Hakumkemea, wala hakumwambia imani yake imepoa. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi, akamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kumshinda. Kwa nguvu ya chakula hicho akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu. Maswali ya Mungu yalingoja mpaka afike pangoni.

Sasa tuje kwetu Likoni. Mtoto anayesoma kisiwani anaamka saa kumi alfajiri awahi feri. Jioni ana masomo saba au nane ya kupitia. Ijumaa tunamtaka kwenye kesha, Jumamosi kwaya, Jumapili ibada zote mbili kwa sababu yeye ndiye mpiga kinanda. Akisinzia darasani Jumatatu, tunasema ameanza kurudi nyuma. Mtoto amechoka tu, jamani.

Juzi mama mmoja aliniuliza mwanawe afunge siku ngapi kabla ya KCSE. Nikamwambia, "Mama, funga wewe. Yeye mpikie mahamri na mbaazi." Alicheka, lakini sikuwa natania. Kufunga naamini, na mimi nafunga. Ila anayekwenda kufanya pepa ya hesabu asubuhi aende ameshiba.

Kwa hivyo, kuanzia wiki hii mpaka mtihani uishe mwezi wa Novemba, watahiniwa hawatakesha nasi Ijumaa. Ibada moja ya Jumapili yatosha. Kwaya itafute mpiga kinanda mwingine.

Vijana, msifurahi sana. Huo usiku ni wa kulala, si wa simu. Chini ya mretemu Eliya alilala kweli kweli. Mkiamka, someni.

Na kuna jambo zito zaidi. Ukiona hamu imekuisha kabisa, chakula hukitaki, unatamani usiwepo, usimwache mtumishi wako Beer-sheba. Sema siku hiyo hiyo, kwa mzazi, mwalimu, mimi ama mama mchungaji. Nabii wa Mungu alifika hapo, kwa hivyo hutatushtua, na hatutaanza na mahubiri. Jumanne na Alhamisi jioni niko ofisini, na chai iko.