Miaka Ikipita, Je, Bado Mnasali Pamoja?

Ukiulizwa ni kitu gani huvunja uaminifu wa wanandoa Wakristo, huenda ukataja uzinzi au ulevi. Hayo yapo, na yamebomoa nyumba nyingi. Lakini mara nyingi kabla hayajabisha hodi, kuna jambo dogo lililokwisha kuachwa zamani. Mwaka wa kwanza mlisali pamoja kabla ya kulala. Mtoto akazaliwa, usiku ukawa wa kumbembeleza. Baba akapata kazi mjini, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Kwenye Jumuiya mama akaenda peke yake. Hakuna aliyemkana Mungu. Mliacha tu, kidogo kidogo, na sasa mkibaki wawili mezani hamna la kuzungumza ila karo ya shule.

Watazame Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Roma. Walifunga ndoa tarehe 25 Novemba 1905 katika Basilika ya Santa Maria Maggiore. Luigi alikuwa mwanasheria. Hawakuwa watawa, walikuwa na kazi, watoto, na uchovu wa jioni kama wako. Maria alipokuwa na mimba ya nne, madaktari waligundua kwamba kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, wakashauri mimba itolewe ili mama aokolewe. Wote wawili walikataa. Enrichetta alizaliwa mwaka 1914, naye mama akapona.

Wengi hupenda kusimulia hapo tu. Lakini jibu lile halikutungwa siku ile mbele ya daktari. Watu hawa walikuwa na desturi ya kwenda Misa pamoja na kusali Rozari jioni nyumbani. Saa ya hofu ilipofika, hawakuanza kutafuta namna ya kusema na Mungu, wala kusemezana wao kwa wao. Waliendelea hivyo hadi Luigi alipofariki mwaka 1951.

Papa Yohane Paulo II aliwatangaza pamoja kuwa wenye heri tarehe 21 Oktoba 2001. Kwa kawaida watakatifu hukumbukwa siku waliyofariki. Hawa wawili hukumbukwa 25 Novemba, siku waliyovishana pete!

Tukirudi kwako: kama mmekaa miaka mitano bila sala ya pamoja, usilete Rozari nzima leo usiku. Mwenzako atasinzia, nawe utakasirika. Anzeni na Baba Yetu moja, kisha mtajeni kila mtoto kwa jina. Zimeni televisheni kwanza. Ikiwa mmoja anafanya kazi mbali, patanitena saa, msali kwa simu, hata kama ni dakika mbili.

Na mwenzako akikataa? Usimhubirie, wala usisali kwa sauti ya kumsuta ili asikie makosa yake. Sali wewe, umtaje kwa upole. Nenda ukaungame dhambi zako, si zake. Kuna mabwana waliorudi kanisani kwa sababu mke hakuwafanya waone aibu kurudi, na wako mabibi vilevile.

Leo, kabla ya taa kuzimwa, muulize mwenzako swali moja tu: angependa umwombee nini kesho? Kisha nyamaza umsikilize.