Somo la Kutunza Mazungumzo ya ChatGPT



Tulipowazuru jamaa zetu Mbagala, Temeke, tuliiuliza ChatGPT, kwa simu ya kuazima, hesabu ya ujira wa wachumaji karafuu. Tuliporudi kisiwani hesabu hatukuipata tena. Kosa letu: hatukuingia kwa akaunti, na bila ya akaunti mazungumzo hayawekwi.

Mkishaingia, mazungumzo hupangwa upande wa kushoto. Mashine huyapa majina yake yenyewe, nayo aghalabu hayasaidii; yabadilisheni, kwa mfano “Ujira, msimu 2025”. Katika kutafuta, andikeni neno la pekee. “Karafuu” litawaletea mazungumzo chungu nzima; “makonyo” machache. Mliyoyafuta hayarudi. Na simu ikiwa ya kuazima, tokeni kwenye akaunti kabla ya kuirudisha, maana hesabu za watu zimo humo.