SOMO KWA WAKULIMA: VYOMBO VYA KUPOGOLEA MITI, NA SABABU YA MAUMBO YAKE

Mavuno makuu ya kahawa yanapokwisha huko Kiambu, Nyeri, Kirinyaga na Meru, na kabla mvua za masika hazijaanza, wakulima huingia mashambani kupogoa mikahawa yao. Kazi hiyo ni ya siku chache tu, lakini matokeo yake huonekana kwa miaka mingi. Mkahawa huzaa katika matawi yaliyokua mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mtu akikata tawi lisilopasa kukatwa, amepoteza matunda ya msimu ujao. Na akikata tawi lipasalo kukatwa, lakini akalipasua hata shinani, huenda akaupoteza mti wenyewe. Karo ya watoto wengi hutoka katika miti hiyo. Basi yafaa tujue si namna ya kupogoa tu, bali pia kwa nini vyombo vya kazi hiyo vimeumbwa hivyo vilivyo.

Kidonda cha mti

Mtu akijikata kidole, nyama mpya huota mahali pa ile iliyoharibika. Mti haufanyi hivyo. Sehemu iliyojeruhiwa hubaki vile vile siku zote. Mti hujenga kuta ndani yake ili kuuzuia uozo usienee, na kwa nje gome jipya hukua polepole kutoka kandokando ya kidonda hata likakifunika. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone jinsi uozo unavyotembea ndani yake, na mwaka 1977 yeye pamoja na Harold Marx walitoa kijitabu kilichoeleza habari hiyo.

Mahali tawi linaposhikana na shina, mara nyingi pana uvimbe mdogo uliolizunguka tawi kama ukosi wa shati. Humo ndimo mti unamojengea ulinzi wake. Ukiukata ukosi huo, umebomoa ukuta kabla haujajengwa. Ukiacha kisiki kirefu, gome haliwezi kukifunika, nacho huoza. Wala haifai kudhani kwamba rangi au lami ikipakwa juu ya kidonda itazuia uozo. Imeonekana kwamba haizuii.

Hivyo chombo kizuri ni kile kinachoweza kukata karibu kabisa na ukosi bila kuugusa, kikaacha uso laini usiopasuka wala kupondeka. Panga ni chombo chema cha kufyekea, lakini kazi hii haliiwezi. Hukata kwa kishindo, na mkono unaolirusha hauwezi kulenga kwa unene wa kidole. Tena huingia katika mti kama kabari, likachana gome kwenda chini.

Kisu cha Warumi

Watu wa kale walilifahamu jambo hili. Columella, Mrumi aliyeandika vitabu vya ukulima katika karne ya kwanza, alieleza kisu cha kupogolea mizabibu kilichokuwa na sehemu sita, kila moja na jina lake na kazi yake. Karibu na mpini palikuwa na makali yaliyonyooka. Mbele yake pinda la kukatia kwa kuvuta. Kisha sehemu ya kulainishia. Kisha mdomo uliopinda. Mgongoni kishoka kidogo cha kupigia. Na mwishoni ncha ya kuingilia mahali pembamba. Yaani fundi hakuulazimisha mti ufuate chombo chake, bali alikitengeneza chombo kifuate mahitaji ya mti.

Mkasi wa kupogolea

Mkasi wa kupogolea ulitokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na aliyeubuni ni Bertrand de Molleville, aliyekuwa waziri wa mfalme Louis wa 16. Katika karne ya 20 mafundi waliutengeneza kwa mipini myepesi ya alumini na sehemu zinazoweza kubadilishwa. Kiwanda cha Felco cha Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1945, kimejulikana sana kwa kazi hiyo.

Utazameni vizuri. Upande mmoja una bapa lenye makali, lililobinuka kwa nje. Upande wa pili ni butu, umepinda kwa ndani kama kulabu. Kulabu hulishika tawi lisiteleze. Bapa hupita kando yake. Na kwa kuwa bapa limebinuka, haliligandamizi tawi tu, bali huteleza juu yake likikata, kama mtu akatavyo nyama kwa kuvuta kisu. Springi iliyo katikati huifungua mipini tena, ili mkono usichoke upesi.

Hapo pana siri ambayo wengi hawaijui. Bapa huacha uso laini, lakini kulabu huponda gome kidogo. Kwa hiyo ushikeni mkasi hivi: bapa liwe upande wa shina, na kulabu iwe upande wa kile kipande kitakachotupwa. Mkasi ukigeuzwa kinyume, alama ya kupondwa hubaki mtini, na kisiki huwa kirefu zaidi.

Iko aina nyingine ya mkasi ambayo bapa lake hushuka juu ya kibao cha chuma, kama nyundo juu ya fuawe. Huo una nguvu kwa matawi makavu, lakini huyaponda yaliyo hai. Msiutumie katika matawi mabichi.

Nguvu ya mkasi ni nguvu ya wenzo. Ikiwa mkono unashika sentimita 15 kutoka kwenye parafujo ya katikati, na tawi liko sentimita 3 tu kutoka hapo, nguvu ya mkono huongezeka mara tano. Tawi likiwa kwenye ncha, sentimita 6 kutoka kwenye parafujo, huongezeka mara mbili na nusu tu. Basi liingizeni tawi ndani kabisa ya kinywa cha mkasi. Msiupindepinde mkasi kushoto na kulia ili kulishinda tawi nene. Mapengo hutokea kati ya bapa na kulabu, na tangu siku hiyo mkasi hutafuna badala ya kukata. Tawi lililozidi unene wa sentimita 2 litafutieni mkasi wa mikono mirefu, au msumeno.

Msumeno

Msumeno wa kupogolea si kama ule wa seremala. Bapa lake mara nyingi limepinda, na meno yake yameelekea mpini, kwa kuwa hukata unapovutwa. Sababu ni hii: bapa jembamba likisukumwa hupinda, lakini likivutwa hunyooka. Tena mtu aliyeinua mkono juu ana nguvu zaidi ya kuvuta kuliko ya kusukuma.

Tawi zito msilikate mara moja. Kwanza likateni kidogo kwa chini, mbali kidogo na shina. Pili, likateni kwa juu, mbele zaidi ya pale pa kwanza, hata lianguke. Likichanika, mchaniko utakoma kwenye mkato wa kwanza. Tatu, ondoeni kisiki kilichobaki, karibu na ukosi. Shina la mkahawa linalokatwa ili machipukizi mapya yaote, likatwe kwa mshazari, maji ya mvua yasituame juu yake.

Kunoa na kusafisha

Bapa la mkasi hunolewa upande mmoja tu, ule ulio na mteremko, kwa kinoo na mafuta kidogo. Upande wa ndani ulio bapa msiunoe. Pitisheni kinoo mara moja tu ili kuondoa kingo zilizokunjika.

Usafi nao ni jambo kubwa. Magonjwa ya magome na ugonjwa wa bakteria wa mkahawa huweza kuchukuliwa na chombo kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mkiona mti mgonjwa, uacheni hadi mwisho wa kazi. Na mkiisha kuukata, pangusani bapa kwa spiriti. Msipogoe mvua inaponyesha, kwani maji husambaza vijidudu na vidonda viko wazi.

Namna ya kujipima

Mkasi mpya jaribuni dukani kwa karatasi nyembamba: ukiikata moja kwa moja hadi kwenye ncha bila kuikunja, bapa na kulabu vyapatana. Halafu angalieni kama mipini yaenea mkononi mwa yule atakayeutumia. Mkasi uliotengenezwa kwa mkono mkubwa humchosha mwenye mkono mdogo, na aliyechoka hukata vibaya.

Na mti wenyewe utawapa jibu. Matawi yaliyokatwa yakiisha kukaa msimu mzima, rudini mkavitazame vidonda. Gome jipya likiwa limeota duara kamili pande zote, mkato ulikuwa mwema. Likiwa limeota ubavuni tu, juu na chini hakuna kitu, jueni kwamba ukosi ulikatwa. Mwonyesheni jambo hilo kila mtu aliyeshika mkasi katika shamba lenu, kabla hajaushika tena.